Hiwar ya Beirut na Transition ya Kampala: majarida mawili, mfadhili mmoja wa siri

Hiwar lilikuwa jarida la siasa na fasihi lililochapishwa kwa Kiarabu mjini Beirut, Lebanon, kuanzia Novemba 1962 hadi mwaka 1967. Mhariri wake kwa muda wote huo alikuwa mshairi wa Kipalestina, Tawfiq Sayigh. Neno hiwar maana yake ni mazungumzo ya pande mbili, yaani majadiliano ambamo kila upande hupewa nafasi ya kusema na wajibu wa kusikiliza. Jarida hilo liliishi chini ya miaka mitano, likachapisha baadhi ya maandishi bora ya Kiarabu ya karne ya 20, kisha likafungwa kwa fedheha baada ya kufichuka kwamba fedha zake zilitoka katika Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA.

Kwa msomaji wa Uganda na wa mpakani, habari hii haiko mbali kama Beirut ilivyo mbali. Hiwar lilikuwa na nduguye Kampala. Transition, jarida la Kiingereza lililoanzishwa mwaka 1961 na kijana mzaliwa wa Kampala, Rajat Neogy, lilipokea msaada kutoka mfuko uleule, likatikiswa na habari zilezile, na mhariri wake akaishia gerezani kwa sababu nyingine kabisa. Kuisimulia historia ya moja bila ya nyingine ni kuisimulia nusu.

Hapa mfasiri hawezi kupita bila kutaja jambo moja la lugha. Karibu kila neno tunalolihitaji ili kulieleza jarida la fasihi kwa Kiswahili limetufikia kutoka Kiarabu: jarida, mhariri, makala, riwaya, shairi, fasihi, siasa, mswada, hata tafsiri yenyewe. Anayeitafsiri habari ya Hiwar huona maneno yakirudi nyumbani kwao kwa wingi kiasi cha kumtia shaka kama amefasiri au amenakili tu.

Magazeti ya Kiarabu ya pwani

Beirut haikuwa mahali pekee penye magazeti ya Kiarabu yenye siasa na adabu ndani yake. Zanzibar ilikuwa na Al-Najah tangu mwaka 1911, gazeti linalohusishwa na Nasir bin Salim al-Rawahi, mshairi mkubwa wa Oman aliyejulikana zaidi kwa jina la Abu Muslim al-Bahlani, ambaye alifanya kazi na kuishi visiwani hadi alipofariki mwaka 1920. Mwaka 1929 likaanzishwa Al-Falaq, sauti ya Jumuiya ya Waarabu ya Zanzibar. Makala za Al-Falaq zilizoushambulia utawala wa Kiingereza ziliwafikisha viongozi wa jumuiya hiyo mahakamani kwa kosa la uchochezi mwaka 1954.

Mombasa nayo, mwaka 1932, ilimpata Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na gazeti lake Al-Islah, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Kabla yake sheikh huyo alikuwa ametoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili ambayo makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Alikuwa mfuasi wa fikra za mageuzi zilizoenezwa kutoka Cairo na jarida la Al-Manar la Rashid Rida, na mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Jina la Mazrui tutakutana nalo tena Kampala, maana mwanawe ndiye Profesa Ali Mazrui.

Roma 1961, Makerere 1962

Mwaka 1950, katika mji wa Berlin Magharibi, waandishi na wanazuoni waliopinga ukomunisti waliunda chombo kilichoitwa Kongamano la Uhuru wa Utamaduni. Makao yake yalikuwa Paris. Chombo hiki kililea majarida katika nchi nyingi: Encounter mjini London, Preuves mjini Paris, Quest nchini India. Kwa uso wa nje, fedha zilitolewa na wakfu binafsi za matajiri wa Marekani, hasa Wakfu wa Farfield, ambao rais wake alikuwa tajiri Julius Fleischmann. Kwa ndani, sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka CIA, na wakfu hizo zilikuwa mfereji tu.

Wakazi wa Busia hawahitaji kuelezwa sana namna mfereji huo ulivyofanya kazi. Mzigo wa magendo haupiti langoni na jina la mwenyewe limeandikwa juu. Hubadilisha mikono mara tatu nne, na anayeupokea mwishoni, akiulizwa, hutaja jina la mtu wa mwisho aliyemkabidhi, na huenda anasema kweli. Tofauti ni kwamba hapa kificho kilivikwa jina la wakfu, neno ambalo kwetu hubeba uzito wa amana na dini.

Mwezi wa Oktoba 1961, Kongamano lilisaidia kuitisha mkutano mjini Roma juu ya fasihi mpya ya Kiarabu. Walihudhuria washairi waliokuwa wakiibadili sura ya shairi la Kiarabu, miongoni mwao Badr Shakir al-Sayyab wa Iraq na Adonis. Mwaka mmoja baadaye Hiwar likatoka. Kati ya matukio hayo mawili, Juni 1962, Kongamano hilohilo lilidhamini mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza, uliofanyika Chuo Kikuu cha Makerere. Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, na Langston Hughes kutoka Marekani. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi na bado mwanafunzi, alikuwepo pia. Baada ya mkutano huo jarida changa la Transition lilianza kupata msaada wa Kongamano.

Ratiba ilikuwa moja: kwanza mkutano wa waandishi, kisha jarida. Ilifanyika hivyo kwa Waarabu, ikafanyika hivyo kwa Waafrika, na ni vigumu kuamini kwamba ilikuwa bahati.

Tawfiq Sayigh na kazi yake

Sayigh alizaliwa mwaka 1923 kusini mwa Syria, baba yake akiwa mchungaji wa Kikristo, akakulia Tiberias, Palestina. Vita vya 1948 viliifanya familia yake kuwa wakimbizi nchini Lebanon. Alisoma Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, akaendelea Harvard, akafundisha Cambridge na London. Mkusanyo wake wa kwanza wa mashairi ulitoka mwaka 1954. Mashairi yake hayakufuata vina wala mizani, jambo ambalo lilimfanya ashutumiwe na wahafidhina kama vile watunzi wa mashairi huru ya Kiswahili walivyokuja kushutumiwa miaka ya sabini.

Alipochukua uhariri wa Hiwar, Beirut ilikuwa chumba cha kuchapishia cha ulimwengu mzima wa Kiarabu. Jarida la Al-Adab la Suhayl Idris, lililoanzishwa 1953, lilidai mwandishi awe na msimamo na atumikie taifa la Waarabu. Jarida la Shi'r la Yusuf al-Khal, la 1957, lilitaka shairi liwe huru na amri za siasa. Hiwar liliingia katikati ya ugomvi huo likiwa na karatasi nzuri na malipo mazuri kwa waandishi, na hilo peke yake lilitosha kuwatia watu shaka. Wapinzani wake, Al-Adab likiwa mbele, waliuliza tangu mwanzo: Kongamano la Paris linatafuta nini Beirut? Sayigh alijibu kwamba yeye ndiye mhariri na hakuna anayemwamulia la kuchapisha.

Ukiyatazama majarida yenyewe, jibu lake lilikuwa na ushahidi. Hiwar halikuwa karatasi ya propaganda. Lilichapisha mashairi, hadithi, uhakiki, habari za sanaa na makala za fikra, na lilifungua mlango kwa waandishi wanawake na kwa vijana wasiojulikana. Lakini shaka haikuondoka. Mwaka 1965 jarida lilimtunukia tuzo yake mwandishi mashuhuri wa hadithi fupi wa Misri, Yusuf Idris, na Idris akaikataa. Katika Misri ya Gamal Abdel Nasser, kupokea fedha za mkono usiojulikana kulikuwa kosa la kisiasa kabla hata mkono huo haujatajwa jina.

Tarehe 27 Aprili 1966 gazeti la New York Times lilitaja kwamba CIA ilikuwa ikilisaidia Kongamano la Uhuru wa Utamaduni na jarida la Encounter. Beirut na Cairo zililipuka. Misri ikalipiga marufuku Hiwar lisiingie nchini. Waandishi waliokuwa wakipishana mlangoni pa ofisi yake wakaanza kujitenga nalo hadharani.

Na katika mwaka huohuo wa 1966, jarida lilipokuwa likizama, Sayigh alichapisha ndani yake riwaya nzima ya Msudani aliyekuwa mtumishi wa idhaa ya Kiarabu ya BBC mjini London. Mwandishi huyo ni Tayeb Salih, na riwaya ni Msimu wa Kuhamia Kaskazini, kwa Kiarabu Mawsim al-Hijra ila al-Shamal. Inamhusu kijana anayerejea kijijini kwake kando ya Mto Nile baada ya masomo ya Ulaya, akakuta huko mgeni mwenye siri, Mustafa Sa'eed, ambaye naye aliwahi kwenda Kaskazini na akarudi na maangamizi. Tafsiri ya Kiingereza ya Denys Johnson-Davies ilitoka mwaka 1969 katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann, ule wa majalada tuliyoyazoea shuleni. Leo ni vigumu kuitaja fasihi ya Kiarabu ya karne iliyopita bila kuitaja riwaya hiyo. Ni riwaya inayoushtaki ukoloni kwa ukali usio na huruma, na ilichapishwa kwa fedha zilizotoka kwa serikali kubwa ya Magharibi bila ya mwandishi wala msomaji kuarifiwa.

Mnamo Mei 1967 viongozi wa Kongamano walikutana Paris na kukiri. Michael Josselson, aliyekuwa ameliendesha kwa miaka yote hiyo huku akijua fedha zinatoka wapi, alijiuzulu. Afisa wa zamani wa CIA, Thomas Braden, aliandika katika gazeti la Marekani mwezi huohuo, akijivunia mpango huo badala ya kuuonea haya. Sayigh alitangaza kulifunga Hiwar. Wiki chache baadaye vikazuka vita vya Juni kati ya Israel na nchi za Kiarabu, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulililia jarida.

Kampala: jarida, barua na gereza

Rajat Neogy alikuwa na umri wa miaka 22 alipotoa toleo la kwanza la Transition mnamo Novemba 1961, karibu mwaka mmoja kabla ya Uganda kupata uhuru. Wazazi wake walikuwa Wabengali. Alitaka jarida ambalo waziri na mwanafunzi wangegombana humo bila ya mmoja kumwogopa mwingine, na kwa miaka michache alifaulu. Julius Nyerere aliandika humo. Ali Mazrui, aliyekuwa akifundisha sayansi ya siasa Makerere, alikuwa mhariri mshiriki, na makala yake ya 1966 iliyomwita Kwame Nkrumah mfalme wa Kirusi mwenye imani ya Lenin iliwasha moto ambao haujazimika hadi leo. Baba alikuwa ametoa Al-Islah kwa watu wa Mombasa, katika lugha mbili walizozielewa. Mwana aliandika kwa Kiingereza, akasomwa kutoka Lagos hadi New York.

Swali la lugha liliibuliwa ndani ya Transition lenyewe. Septemba 1963, mhakiki wa Nigeria Obi Wali aliandika kwamba fasihi ya Kiafrika inayotegemea lugha za Ulaya imefika njia isiyo na mbele. Alikuwa akiutazama mkutano wa Makerere. Achebe na wengine walimjibu, na Ngũgĩ, miaka mingi baadaye, alikiri kwamba swali lile lilikuwa na haki. Ni Ngũgĩ pia aliyekumbusha kwamba Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Afrika Mashariki aliyekuwa bado hai mkutano ulipopangwa, hangeweza kualikwa kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962.

Kwa hiyo tusilitukuze Transition kupita kiasi. Mtu wa Kirewa, Wilaya ya Tororo, ambaye nyumbani huzungumza Kidhopadhola na sokoni Busia hutumia Kiswahili, hakuwa msomaji aliyekusudiwa. Uganda ilichelewa sana kukipa Kiswahili nafasi: hata marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliyokitaja kuwa lugha rasmi ya pili yalibaki kwa muda mrefu kwenye karatasi. Mjadala mkubwa kuhusu lugha za Waafrika uliendeshwa kwa Kiingereza, mbele ya wasomi, kwa gharama ya wageni. Hiwar angalau lilizungumza na Waarabu kwa Kiarabu.

Habari za CIA zilipothibitishwa mwaka 1967, Neogy hakufunga jarida. Alisema hakujua, akajieleza waziwazi katika kurasa za Transition lenyewe, na akaendelea. Hapo ndipo njia za wahariri hawa wawili zilipoachana. Sayigh alikuwa akifanya kazi katika mazingira ambamo shutuma hiyo ilitosha kumfukuza mtu katika jamii ya waandishi. Neogy alikuwa na wasomaji waliogawanyika, na wengi wao waliona jarida limekwisha kuthibitisha ukali wake dhidi ya kila upande, Marekani ikiwemo.

Hatari yake ilitoka kwingine. Mwaka 1967 Rais Milton Obote alileta katiba mpya ya jamhuri. Mbunge Abu Mayanja aliikosoa katika Transition, kisha akaandika barua iliyohoji kucheleweshwa kwa uteuzi wa majaji Waafrika. Oktoba 1968 Mayanja na Neogy walikamatwa chini ya kanuni za hali ya hatari. Walishtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikawaachia mwanzoni mwa 1969, nao wakarudishwa kizuizini papo hapo. Neogy aliachiliwa mwaka huo. Mayanja alikaa zaidi. Neogy, mzaliwa wa Kampala, alivuliwa uraia wa Uganda na kuondoka nchini.

Uchochezi ni neno lilelile walilolisikia viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kule Zanzibar mwaka 1954. Waliolitumia Zanzibar walikuwa Waingereza, waliolitumia Kampala walikuwa viongozi wa nchi huru. Sheria ilibaki palepale, aliyebadilika ni hakimu.

Je, waandishi walinunuliwa?

Kuna majibu mawili ya haraka, na yote mawili yana kasoro. La kwanza husema kila kilichochapishwa kwa fedha hizo ni najisi. Ukilikubali, itabidi uitupe riwaya ya Tayeb Salih pamoja na nusu ya mijadala iliyoijenga fasihi ya Afrika. La pili husema fedha hazina harufu mradi maandishi yalikuwa mazuri. Hili nalo linasahau msomaji. Mnunuzi wa Hiwar pale Damascus au Khartoum alitoa fedha yake na imani yake akidhani anajua anasikiliza mazungumzo ya nani na nani. Kulikuwa na mtu wa tatu chumbani, nyuma ya pazia, na wenyeji wa Paris walijua yupo.

Nionavyo, dhuluma kubwa zaidi walifanyiwa wahariri. Sayigh alipewa uhuru wa kuchapisha alichotaka, ila hakupewa taarifa ambayo ingemwezesha kuamua kama anataka fedha hizo. Uhuru wa namna hiyo una mpaka usioonekana, na aliyeuchora ndiye anayeujua. Waliomlipa hawakuhitaji kumwamuru aandike nini. Iliwatosha kwamba jarida lenye sura isiyofungamana lipo, na kwamba linachukua nafasi ambayo huenda ingechukuliwa na jarida la mrengo wa kushoto. Umoja wa Kisovieti na washirika wake walikuwa na mikutano, tuzo na majarida yao pia, ila wao hawakuficha sana nani analipa.

Nasi tunaoandika katika chombo kinacholipiwa na umma hatuna ruhusa ya kulicheka swali hili. Tofauti yetu, kama ipo, ni kwamba msikilizaji anaweza kuuliza na akajibiwa kwa takwimu zilizochapishwa.

Baada ya hapo

Sayigh alihamia Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Alifariki huko ghafla mnamo Januari 1971, akiwa na umri wa miaka 47. Mwaka huohuo Neogy alilifufua Transition mjini Accra, Ghana. Wole Soyinka alichukua uhariri katikati ya miaka ya sabini, akalipa jina la Ch'Indaba, na mwaka 1976 likakoma. Mnamo 1991 Henry Louis Gates, aliyekuwa mwanafunzi wa Soyinka, alilianzisha upya nchini Marekani, na sasa linatolewa katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Abu Mayanja alirudi katika siasa za Uganda na kushika nyadhifa za uwaziri katika serikali zilizofuata. Tayeb Salih alifariki London mwaka 2009. Neogy hakurudi katika uhariri. Aliishi San Francisco, upande wa pili wa ghuba ukitokea Berkeley alikofia Sayigh, na akafariki huko mwaka 1995.